JUBILEI NA KITANDA CHA MGONJWA

Hotuba ya katekista mbele ya Wakristu na wageni, siku ya Jubilei ya parokia, Rwambuzi, Bunia

Wengine wamekwisha kusema, na wamesema vizuri, juu ya mwanzo wa parokia, juu ya mapadri waliotutangulia, juu ya ubatizo, ndoa na kwaya. Sisi tumepewa kazi nyingine: kusema juu ya hospitali ya jimbo letu, historia yake na kazi yake. Tulipopokea barua ya komite ya Jubilei tulishangaa kidogo. Tulijiuliza: hospitali na Jubilei, vitu hivi viwili vinakutana wapi? Tulikaa na swali hilo siku nyingi, na leo tunawaletea jibu tulilolipata. Jibu hilo halikutufurahisha sisi wenyewe, maana limetushitaki. Lakini katekista asiyekubali kushitakiwa na neno analolifundisha, afadhali anyamaze.

I. Jubilei ni nini?

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, tunasoma kwamba mwaka wa hamsini baragumu lilipigwa katika nchi yote. Aliyeuza shamba la baba yake kwa ajili ya umaskini alilirudia. Aliyejiuza kuwa mtumwa kwa sababu ya deni alirudi kwa jamaa yake. Basi Jubilei ya kwanza haikuwa karamu. Ilikuwa siku ya kufungua watu waliofungwa na deni. Na Bwana wetu, aliposimama katika sinagogi la Nazareti, alichagua kusoma maneno ya nabii Isaya juu ya mwaka huo wa neema, juu ya wafungwa kufunguliwa na vipofu kuona. Mfungwa na mgonjwa aliwaweka pamoja.

Shikeni neno hilo moyoni, tutalirudia mwishoni. Sasa twende Nyankunde.

II. Vidole vitano

Wazee waliopo hapa wanaijua njia: ukitoka Bunia kufuata barabara ya Komanda, unafika Marabo, kisha unapinda kwenda Nyankunde chini ya milima, kadiri ya kilometa 45 kutoka mji wetu. Wengine kati yenu mlizaliwa kule. Wengine mlipelekwa kule na wazazi wenu kwa kipoyi, wengine kwa kinga, wengine kwa lori la mihogo. Hospitali ile si ya Kanisa Katoliki. Ni ya ndugu zetu Waprotestanti. Lakini siku ya homa kali hakuna mama wa Bunia aliyeuliza kwanza kama mganga anasali rozari. Kwa hiyo ni haki tuiseme sifa yake hapa, katika Jubilei yetu.

Mwaka wa 1964 nchi ya kaskazini-mashariki iliwaka moto wa uasi wa Simba. Wengi waliuawa, mapadri na masista, wachungaji na wauguzi, na raia wasio na hesabu. Tarehe 1 Desemba ya mwaka ule, kule Isiro, Sista Anuarite Nengapeta alikufa kwa kuilinda nadhiri yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri kule Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Siku kumi tu mbele ya kifo chake, tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa hati juu ya umoja wa Wakristu. Watu wa Roma waliandika umoja kwa wino, na huku kwetu Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakilala katika kaburi moja.

Uasi ulipopungua, hospitali nyingi za misioni zilikuwa zimeharibika, na waganga walikuwa wachache sana. Kila misioni peke yake haikuweza tena kuinuka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndipo, mwaka wa 1965, misioni tano za Kiprotestanti zilikubaliana kuweka nguvu zao mahali pamoja, Nyankunde, na kufungua kituo kimoja cha uganga, kile ambacho watu wengi wanakiita mpaka leo kwa herufi tatu, CME. Misioni hizo hazikufanana katika mambo yote ya mafundisho. Lakini zilielewa kwamba mgonjwa hawezi kungoja mpaka wenye elimu ya dini wamalize mabishano yao.

Kati ya waanzilishi alikuwa munganga Carl Becker, Mwamerika aliyezaliwa mwaka wa 1894 na kufika Kongo mwaka wa 1929. Kabla ya uasi alifanya kazi miaka mingi Oicha, kati ya wagonjwa wa ukoma ambao jamaa zao wenyewe waliwakimbia. Vita vilipomtoa Oicha alikuwa na miaka kama sabini. Mtu wa umri huo angeweza kurudi kwao akapumzika, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Kongo, akaanza upya Nyankunde.

Alikuwapo pia mganga mwanamke, Mwingereza Helen Roseveare, aliyefika nchini mwaka wa 1953. Mwaka wa 1964 waasi walimkamata na kumtesa vibaya. Baada ya kuokolewa alikwenda kwao, na mwaka wa 1966 akarudi kwa watu wale wale wa nchi ile ile. Nyankunde alipewa kazi ya kuanzisha shule ya wauguzi, naye aliifanya mpaka mwaka wa 1973. Shule haikuwa na nyumba. Wanafunzi wenyewe walifyeka majani, wakajenga mahali pa kulala na pa kusomea, kisha wakafungua madaftari yao. Tunawaambia ninyi vijana: wengi wa wauguzi waliowachoma shindano mlipokuwa wadogo walitoka katika shule ile, au walifundishwa na waliotoka kule.

Hospitali ilikua. Ilipata vitanda kadiri ya 250, nyumba ya upasuaji, materniti, ghala ya dawa iliyogawia vituo vya mbali, na redio ya kuongea na vituo hivyo. Ndege ndogo za MAF zilimbeba mganga mpaka misituni, akapasua wagonjwa siku mbili tatu, akarudi. Hivyo Nyankunde haikuwa hospitali ya kijiji kimoja. Ilikuwa mti mmoja wenye matawi mengi, na ndege wa kila aina walipata kivuli chini yake.

III. Siku kitanda kilipoulizwa kabila

Ndugu wapenzi, sasa tunafika mahali pagumu. Tuliomba shauri kwa wazee kama inafaa kulisema jambo hili siku ya furaha. Wakatuambia: lisemeni, lakini msiwashe moto. Kwa hiyo hatutataja kabila la mtu ye yote. Kila mmoja hapa anazo kaburi zake.

Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji waliingia Nyankunde. Mauaji yaliendelea siku nyingi. Shirika la haki za binadamu Human Rights Watch liliandika kwamba watu waliouawa hawakuwa chini ya 1200. Kati yao walikuwapo wagonjwa waliouawa vitandani mwao. Dawa ziliporwa, vyombo vilivunjwa, nyumba zilibomolewa. Wafanyakazi na wagonjwa walioponyoka walitembea kwa miguu siku nyingi mpaka Oicha, zaidi ya kilometa mia moja, wengine wakiwabeba walioshindwa kutembea.

Tufikiri vema juu ya jambo hilo. Mganga anapotaka kumtia mgonjwa damu, anauliza kundi la damu: A, B, AB au O. Hakuna kundi la tano linaloitwa kwa jina la kabila. Ndiyo maana tangu zamani hospitali ilikuwa mahali pa pekee ambapo mtu alilala karibu na mgeni bila kumwogopa. Siku ile kitanda kiliulizwa: wewe ni mtoto wa nani? Ukuta wa matofali unajengwa upya katika mwaka mmoja. Usalama wa kulala kando ya mgeni haujengwi upesi hivyo.

Halafu vita vikaingia Bunia yenyewe. Mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipoondoka, mji wetu uligeuka uwanja wa mauaji, na mapadri wawili waliuawa katika parokia ya Nyakasanza. Sisi tunaosema nanyi tulikuwa vijana wakati ule, tumetoka seminari ndogo siku si nyingi, na tulidhani kwamba Kilatini kidogo tulichojifunza kingetufaa kitu. Hakikutufaa. Waliotufaa ni watu walioweza kufunga kidonda. Waganga wa shirika la MSF walifungua hospitali katika jengo ambalo watu wote waliliita Bon Marché, na pale majeruhi, watoto wenye utapiamlo na wanawake waliotendewa jeuri walipokelewa bila kulipa franka moja. Watu wa Nyankunde waliotawanyika nao waliendelea na kazi yao, wengine Oicha na Beni, wengine hapa hapa mjini. Na polepole, katika miaka iliyofuata, walirudi Nyankunde kwenyewe na kusimamisha tena kuta zilizoanguka. Leo ile ni hospitali kubwa ya zoni ya afya yake. Kama Becker na Roseveare walivyorudi baada ya 1964, ndivyo wauguzi wenyeji walivyorudi baada ya 2002. Wazungu wale wawili wameandikwa katika vitabu. Wenyeji wale hawajaandikwa, nasi tunaomba leo majina yao yasomwe mbinguni.

Wala tusidhani kwamba uovu ule umekwisha. Mwezi wa Machi 2024 mji wa Drodro ulishambuliwa, na mgonjwa mmoja aliuawa kitandani ndani ya hospitali. Na hapa kwetu, ndugu wa Djugu waliokimbilia kambi ya Kigonze wanatukumbusha kwamba bado tuna kazi.

IV. Kazi ya hospitali kubwa

Ni vizuri kila mkristu ajue namna mambo ya afya yalivyopangwa, kusudi asipotee njia siku ya ugonjwa. Mkoa wetu wa Ituri umegawanywa katika zoni za afya 36. Kila zoni ina vituo vya afya, na juu yake hospitali kubwa ambayo vituo vinaitumia wagonjwa waliowashinda.

Kituo cha afya kinapima watoto uzito, kinachanja, kinaangalia wenye mimba, kinatibu malaria isiyo kali. Hospitali kubwa inapokea yaliyobaki: mama ambaye mtoto amekataa kutoka, na lazima apasuliwe saa ile ile, mtoto ambaye malaria imemaliza damu yake, mwenye hernia iliyojifunga, aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, mwenye kifua kikuu, hata mwenye tauni, maana Ituri ni moja ya sehemu chache za dunia ambazo tauni haijatoka, kama watu wa Rethy wanavyojua.

Katika kazi hizi zote saa ni dawa ya kwanza. Mama aliyefika asubuhi anapona; mama yule yule akifika jioni, mganga anaokoa mmoja, au hakuna. Mtoto mwenye homa akiletwa siku ya kwanza, vidonge vinatosha. Akiletwa siku ya nne, anahitaji damu, na damu haiuzwi sokoni. Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu 2287 walikufa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Wengi walijificha nyumbani kwa kuogopa hospitali, nao waliwaambukiza waliowauguza kwa upendo.

Watu wanaogopa hospitali kwa sababu nyingi. Sababu moja ni kubwa kuliko Ebola, tena ipo kila siku. Sababu hiyo ni deni.

V. Mama wa mkeka

Tuwaelezee jambo moja lililotupata sisi wenyewe. Hatutataja hospitali, wala jamaa, wala mtaa.

Katika kazi yetu ya katekista tunatembelea wagonjwa kila juma. Siku moja tulimkuta mama mmoja amelala juu ya mkeka, kando ya mlango wa chumba cha wazazi. Alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Kidonda kilikuwa kimepona, mtoto alinyonya vizuri, mganga alikwisha kuandika kwamba aende nyumbani. Lakini hesabu ya hospitali haikulipwa, kwa hiyo hakuruhusiwa kupita mlango mkubwa. Kitanda alipewa mgonjwa mwingine, naye akashuka chini. Tulimkuta katika juma la tatu la mkeka ule. Watoto wake wakubwa walikuwa nyumbani, wakila sombe ya jirani.

Sisi tulifanya nini? Tulifungua kitabu cha sala. Tuliomba naye, tukamwambia avumilie, Mungu anamwona. Kisha tukaaga, tukaenda zetu. Usiku ule tulilala usingizi mzuri.

Mume wake aliuza kinga, akauza mbuzi, mwishoni akauza mahindi aliyoyaweka kwa mbegu. Mama akatoka. Sisi tulifikiri mambo yamekwisha. Lakini mwaka uliofuata mtoto wake mwingine alishikwa na homa. Mama alikumbuka mkeka. Siku ya kwanza alimpa majani ya kuchemsha. Siku ya pili alinunua vidonge vitatu katika duka. Siku ya tatu mtoto alikataa kula. Siku ya nne walimpeleka hospitali, naye mganga alisema neno ambalo waganga wetu wamechoka kulisema: mmechelewa. Sisi ndio tuliosoma sala ya maziko.

Mama hakutulaumu. Alituambia tu: «Mwalimu, niliogopa mkeka.»

Tangu siku ile, tukisoma mfano wa Msamaria mwema katika Luka, sura ya 10, hatuusomi kama zamani. Tulizoea kufundisha juu ya kuhani na mlawi waliopita kando, na juu ya mafuta na divai. Hatukufundisha sana juu ya asubuhi ya pili. Asubuhi ya pili Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba kama gharama itazidi, yeye mwenyewe atalipa akirudi. Angemfunga jeraha tu na kuondoka, yule mgonjwa angeamka mzima na kujikuta ndani ya deni katika nyumba ya mgeni, asiweze kutoka. Rehema ya Msamaria ilifika mpaka mahali pa kulipa. Rehema yetu sisi ilisimama kwenye kitabu cha sala.

VI. Tusimlaumu karani

Pengine kijana mmoja hapa amekwisha kukasirika, anataka kwenda kumtukana karani wa hospitali. Asifanye hivyo. Hospitali inaishi kwa nini? Glovu zinanunuliwa, uzi wa kushonea unanunuliwa, mafuta ya jenereta yananunuliwa, oksijeni inanunuliwa. Wauguzi wengi wanapata kidogo sana kutoka serikalini, wengine hawapati, nao wana watoto wa kusomesha. Mgonjwa mmoja akitoka bila kulipa, hospitali inavumilia. Wakitoka mia moja, mgonjwa wa mia na moja hakuti dawa. Wakati wa vita wageni walitulipia, ndiyo maana Bon Marché haikuuliza franka. Amani ilipokaribia, wageni walipungua, na hesabu ikarudi kwetu. Serikali ilianzisha mwaka wa 2023, kule Kinshasa, mpango wa mama kuzaa bila malipo. Tunaushukuru na kuuombea uenee. Lakini wazee wetu walisema: dawa ya deni ni kulipa. Swali ni hili tu: nani alipe, na lini?

Kuna mfano wa kutufundisha, na ni mfano wa nchi yetu yenyewe. Kule Bwamanda, katika Ekwateri ya zamani, misioni ya Kikatoliki na zoni ya afya walianzisha mwaka wa 1986 bima ya hospitali kwa watu wa vijijini. Kila jamaa ililipa mara moja kwa mwaka, majira ya kuuza mazao, wakati franka zimo nyumbani. Mtu akilazwa hospitali, fuko lilibeba sehemu kubwa ya gharama, naye mgonjwa alitoa asilimia 20 tu. Baada ya miaka michache zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamejiandika. Hawakuwa matajiri kuliko sisi. Walikuwa wakulima. Jambo walilolifahamu ni kwamba mtu hulipia hospitali siku akiwa mzima, asingoje siku ya homa. Leo iko hata sheria ya serikali, ya tarehe 8 Februari 2017, inayopanga kazi ya mutueli katika nchi yote.

VII. Ombi letu

Mhashamu Baba Askofu, Bwana Padri Paroko, ndugu wapenzi, tunarudi sasa kwenye baragumu la Walawi.

Jubilei hii ni nzuri. Tumechinja, tumepika, tumeshona vitenge vyenye picha ya parokia. Hatusemi kwamba ni vibaya. Bwana mwenyewe alikwenda arusini Kana. Lakini wakati ngoma inapopigwa hapa Rwambuzi, katika hospitali za mji wetu yupo mtu aliyepona na bado amefungwa, akiangalia mlango. Kama Jubilei haimfikii huyo, basi tumefanya sikukuu, Jubilei bado. Papa Fransisko, alipotangaza Mwaka Mtakatifu wa 2025, aliyaomba mataifa tajiri yasamehe madeni ya mataifa maskini. Sisi si taifa tajiri. Lakini deni la mama mmoja juu ya mkeka ni la kipimo chetu.

Tunaomba mambo manne.

La kwanza: kila shirika dogo la parokia liwe na Kapu la Msamaria. Kila mwezi kila jamaa itie kidogo. Na wakati wa mavuno, mwenye kiroba cha maharagi atie kopo, mwenye samaki wa Kasenyi au Tchomia atie wawili. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili: baraza la parokia lichague watu watatu, mmoja wao awe mama aliyekwisha kulala hospitali, maana anajua. Watatu hao waende hospitali kila mwisho wa mwezi, waulize ni nani amepona na hawezi kutoka. Walipe kwa karani mwenyewe, wapokee karatasi ya malipo, na hesabu isomwe mbele ya watu wote baada ya Misa. Wasiulize dini. Wasiulize kabila. Waulize kitu kimoja tu: deni ni kiasi gani?

La tatu: Kapu likisimama imara mwaka mmoja, tuanze mutueli yetu kwa mfano wa Bwamanda, pamoja na ofisi ya matibabu ya jimbo. Na tuwaite ndugu zetu Waprotestanti. Misioni tano ziliweza kukubaliana mwaka wa 1965 baada ya damu nyingi kumwagika. Sisi jirani wa mtaa mmoja tusishindwe.

La nne ni la bure, na ndilo gumu. Vijana wenye afya, toeni damu. Pelekeni mkono wenu hospitali kabla hamjaitwa. Baba wa kijana aliyekimbia bunduki ya kabila fulani, damu ya mtoto wake isaidie kuponya mtoto wa kabila lile. Hapo kitanda kitasahau swali kililoulizwa mwaka wa 2002.

Sisi wenyewe tunaanza. Jana tulirudi kwa yule mama wa mkeka, tukamwomba ruhusa ya kuyasema haya mbele yenu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha aliingia nyumbani, akatoka na kopo la maharagi, akatuambia: «Mtie ndani ya kapu, mwalimu. Asilale mwingine.»

Kopo lenyewe ni hili hapa. Tunaliweka mbele ya altare, liwe la kwanza.

Mungu, aliyetupa miaka hii yote, awabariki waliotangulia, awaponye wagonjwa wetu, awatie nguvu waganga na wauguzi wa kila kanisa, na atupe sisi rehema inayofika mpaka asubuhi ya pili.

Tumsifu Yesu Kristu.